Mara Tisa

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alimwita Tone kwenye ukumbi wa wageni, akamwonyesha kuta mbili tupu zilizotazamana.

"Huu wa kushoto ni wa mbega moshi," akasema. "Huu wa kulia ni wa bakteria wako wa baharini. Huku wachache kabisa, kule wengi kabisa. Nataka mgeni akisimama hapa katikati ashikwe na kizunguzungu. Tunafungua Jumatatu ijayo."

"Na maandishi?"

"Maandishi ni wewe. Bakteria ni wa kwako, mbega ni wa baba yako. Nimtafute nani mwingine?"

Tone hakuwa na la kubisha. Jina hilo alibandikwa na wenzake mwaka wake wa kwanza pale kwenye taasisi, kwa sababu kutwa alikuwa ameinamia matone. Maabara yake ilikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya chini, mlango unaofuata baada ya vyoo. Maji ya bahari yaliletwa kwenye chupa. Yeye alichukua tone moja, akalizimua kwa maji yaliyochemshwa, akalizimua tena na tena, kisha akalitandaza juu ya sahani ya kioo yenye jeli na kulifunika. Baada ya siku mbili jeli ilikuwa imeota madoa ya manjano, madogo kama vichwa vya pini. Kila doa lilianza na bakteria mmoja asiyeonekana kwa macho, aliyejigawa akawa wawili, wanne, wanane, hadi akawa kundi la kuonekana. Tone alihesabu madoa, akazidisha kwa kadiri alivyozimua, akapata idadi ya walioko baharini. Kazi hiyo aliipenda, na mdomo wake haukuificha. Aliwahi kumwambia mlinzi wa getini kwamba yeye peke yake huhesabu viumbe wengi kuliko makarani wote wa sensa duniani. Mlinzi akamwuliza kama hao viumbe wake wanapiga kura.

Jumatatu hiyo Tone akaketi, akachora mistari kwenye karatasi, mbega upande huu, bakteria upande ule. Uzito: mbega dume kilo tisa, bakteria, mizani ya maabara haimtambui. Makazi: mbega moshi haonekani popote duniani ila kwenye msitu mmoja wa kilima nyuma ya mji, bakteria, kila penye maji ya chumvi. Uzazi: mbega jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili, bakteria akishiba hujigawa kila nusu saa. Idadi: ndoo moja ya maji ya bahari ina bakteria wengi kuliko watu wote walio hai. Mbega moshi, kwa ripoti ya mwaka jana, sitini na watatu.

Aliisoma tena, akaridhika. Lugha ilikuwa imekaa sawa, haina mafuta ya ziada. Kilichobaki ni picha.

Mkurugenzi alitaka mbega jike na mtoto mgongoni, maana mtoto wa mbega moshi huzaliwa mweupe pe, na weupe ule juu ya manyoya ya kijivu ya mama yake unamlainisha hata mtu mwenye roho ya jiwe. Jumanne Tone alifungua kabati la picha kwenye masjala. Za madume zilijaa: madume kwenye matawi, madume wamefungua midomo wakinguruma. Za watoto weupe zilikuwa chache, na nyuma ya kila moja kulikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya baba yake. Akazipanga mezani. Ya mwisho kabisa ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Mwanzoni alidhani kuna bahasha imepotea. Akatafuta mpaka vumbi likamkaba koo. Kisha, kwa ile tabia yake ya kutoweza kuona tarakimu akaipita, akavuta faili la ripoti za kila mwaka. Sitini na watatu. Sabini na wawili. Sitini na watatu. Hamsini na wanne. Sitini na watatu. Mkurugenzi aliyepita alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: Idadi imetulia, hongera.

Zote ziligawanyika kwa tisa. Hakuna hata moja iliyobakiza.

Tone alijua sababu. Tisa ile aliizaa yeye.

Miaka kumi na mmoja nyuma, baba yake alikuwa akiwahesabu mbega kwa sura. Kila kiangazi alizama msituni majuma matatu, akakaa chini ya mti mmoja mpaka amemwona kila aliye juu yake: huyu mkia umekatika, huyu ana sikio lililochanika, huyu amejifungua. Akimaliza anahamia mti mwingine. Mwaka ule aliteleza kwenye korongo akivuka kufuata jike mmoja, akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Tone alikuwa na diploma yenye umri wa miezi sita, bado inanukia wino. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, akamwambia: "Baba, kwani mimi nahesabu bakteria mmoja mmoja? Nahesabu doa, nazidisha, nimemaliza. Kila familia ya mbega ina dume mmoja anayenguruma alfajiri, si ndiyo? Na familia kwa wastani wako tisa, umeniambia mwenyewe. Basi kaa kwenye kibanda, hesabu ngurumo, zidisha mara tisa."

Baba alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. "Jamani, nimesomesha!" akamwambia muuguzi. "Nimesomesha, na faida imekuja kunifuata mpaka kitandani!"

Taasisi iliipokea hesabu ile kwa mikono miwili, kwa kuwa kazi ya majuma matatu sasa ilikwisha kwa asubuhi tatu. Ofisini wakaanza kumwita baba yake Mzee Mara-Tisa. Naye aliwaambia wote waliotaka kusikia, na wengi wasiotaka, kwamba ujanja ule alifundishwa na binti yake. Mkurugenzi wa sasa alikuja baadaye, jina likiwa limeshazoeleka na chanzo chake kimesahaulika.

Jioni Tone alikwenda nyumbani kwa baba yake. Tangu mama yake Tone alipofariki, mzee aliishi na dada yake, Shangazi, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuja kwa mazishi na hajaondoka mpaka leo. Walikuwa sebuleni. Shangazi alichambua mchele. Baba alipiga pasi shati lake la kazi juu ya meza, chuma cha nyongani kikimfanya aegemee upande mmoja.

"Baba, mara ya mwisho umeona mtoto mweupe lini?"

"Mtoto mweupe gani?"

"Wa mbega."

"Ah, wapo."

"Sijakuuliza kama wapo. Nimekuuliza umemwona lini."

Shangazi akadakia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Kakangu huyu hajaona buibui aliye juu ya kitanda chake, ataona kitoto cha mbega juu ya mti?"

"Wewe chambua mchele," Baba akasema. Kisha akamgeukia Tone. "Mama, majike wana haya. Wanakaa ndani ndani, kwenye majani. Dume ndiye msemaji wao."

"Kama humu ndani," akasema Shangazi, "ila humu mambo yamepinduka."

Tone hakucheka. "Nataka picha ya ukutani, Baba. Ya mwisho iliyoko ofisini ni ya miaka tisa iliyopita."

"Haiwezekani."

"Tarehe umeandika wewe."

Baba akaisimamisha pasi palepale. Midomo yake ikaanza kwenda taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mifukoni bila kutumia mikono. Mwaka juzi? Hapana, mwaka juzi mvua zilikuwa nyingi, alikaa kibandani. Mwaka ule mwingine je? Kibandani pia. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda.

"Pasi, Baba."

Akainyanyua. Shati lilikuwa limeachwa na alama ya kahawia, pembe tatu, katikati ya mgongo. Hakulitazama. "Kesho alfajiri twende wote," akasema. "Nitakuonyesha wako wangapi."

Kibanda kilikuwa juu ya kilima, mbao nne na paa la bati, na ndani yake kigoda kilichong'aa kwa kukaliwa. Waliingia bado kuna kiza chepesi. Baba akafungua daftari juu ya goti, akainua kidole kumnyamazisha binti yake, japo hakuwa amesema neno.

Ngurumo ya kwanza ikatoka kaskazini, nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu. Baba akachora mstari. Ya pili ikamjibu. Ya tatu. Kulipopambazuka alikuwa na mistari saba, na uso wake umekunjuka.

"Saba. Mara tisa?"

Tone akatundika kamera shingoni. "Nionyeshe miti yao. Nitashuka."

"Shuka tu. Utachafua viatu vyako vya maabara."

Alishuka na darubini na kamera. Chini ya mti wa kwanza alikaa saa mbili. Mbega mmoja alikuwa juu, mkubwa, kifua wazi, akila majani kwa uvivu. Hakuna tawi jingine lililotikisika. Chini ya mti kulikuwa na mavi mahali pamoja tu, chungu kimoja, kama choo cha mtu anayeishi peke yake. Mti wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo.

"Kila mti yuko mmoja tu," akamwambia baba yake alipopanda tena, jasho likimtiririka.

"Wengine wamejificha. Wamekuona mgeni."

Alhamisi walirudi. Akaenda kwenye miti mitatu mingine, safari hii akakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mmoja, mmoja, mmoja. Alipoanza kupanda kurudi kibandani, Baba hakuhitaji kumwuliza. Aliangalia tu namna anavyopanda, akafunga daftari. Njiani kurudi nyumbani alizungumza habari za bati la kibanda, kwamba linavuja, kwamba ameandika barua mbili kuhusu bati hilo. Aliongea njia nzima, bila kugusa habari za mbega.

Ijumaa, ngurumo zilipoisha, Baba alisimama kutoka kwenye kigoda, akachukua fimbo.

"Baba, kule kuna mteremko. Nyonga yako."

"Nyonga ni yangu. Twende."

Ulikuwa umebaki mti wa saba, kwenye bonde, karibu na kijito. Walishuka taratibu, yeye akishuka ubavu ubavu, akishika mizizi. Mara mbili alikaa chini akajidai anasikiliza ndege. Walipofika, Tone akainua darubini.

"Wawili! Baba, wako wawili!"

Kweli walikuwa wawili. Mmoja mkubwa, aliyenguruma asubuhi ile. Wa pili mdogo, amejikunyata nyuma yake, akimchambua manyoya ya shingoni kwa vidole vyembamba, kwa upole.

"Ni jike?" Tone akanong'ona. "Baba, ni jike?"

Mzee alichukua darubini. Akaiegemeza kwenye fimbo. "Sijui. Mpaka ageuke. Ngozi ya makalio ndiyo inayosema. Ya dume imeungana, kiraka kimoja. Ya jike imeachana, vipande viwili."

"Kwa hiyo tunasubiri tako."

"Tunasubiri tako," Baba akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatabasamu. "Mimi nimekula mshahara wa serikali miaka thelathini kwa kusubiri matako, mwanangu. Kaa chini."

Wakakaa. Jike mmoja angetosha. Hilo wote wawili walilijua bila kuambizana. Jike mmoja, mtoto mmoja kila miaka miwili, mtoto huyo naye akiwa jike. Jua likapanda. Tone alijikuta anaomba, yeye ambaye haombi, na anachoomba ni kiumbe ajikune, au asogee tawi la pili. Baba hakuondoa darubini machoni hata kufuta jasho.

Yule mdogo akamaliza kuchambua, akajinyoosha, akageuka.

Baba alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akashusha darubini, akaifunika vioo vyake kwa vifuniko, kimoja, halafu cha pili.

"Dume," akasema. "Kijana. Miaka tisa, labda kumi. Huyu ndiye niliyempiga picha akiwa mweupe, mama yake alipompitisha karibu na kibanda."

Hawakupanda mara moja. Baba alisimama, akaenda kwenye kijito, akainama juu ya tope. Tone akamfuata. Tope lilikuwa limejaa nyayo za mbwa, mpya juu ya zamani, mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka kidole. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya miti michache, moshi wa jalala la mji ulipanda. Jalala lile lilihamishiwa pale mwaka ambao chuma cha Baba kilikuwa bado kibichi.

"Dume hanywi," akasema, kama mtu anayezungumza peke yake. "Maji ya kwenye majani yanamtosha. Jike anayenyonyesha lazima ateremke. Anateremka na mtoto amemng'ang'ania kifuani, hawezi kuwakimbia mbwa." Akagusa tope kwa ncha ya fimbo. "Nilikuwa napita hapa kila kiangazi. Kila kiangazi. Ningeona nyayo hizi mwaka wa kwanza tu."

"Baba..."

"Saba mara tisa," akasema. "Nilikuwa nasikia wagane saba wanawalilia wake zao, naandika sitini na tatu."

Tone akasimama kando yake. "Hesabu ilikuwa ya kwangu."

"Nyamaza."

"Nilikuambia mimi. Hospitali."

"Nimesema nyamaza!" Sauti yake iliruka juu, na kule mtini yule mdogo akahamia tawi la mbali. Baba akajishusha. "Sikiliza. Mchana tunakwenda kwa Mkurugenzi. Mimi ndiye nitakayesema. Mguu uliniuma, nikawa mvivu, nikaanza kuzidisha. Basi. Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu, watanifanya nini? Watanikata masikio? Wewe una miaka thelathini mbele. Mtu wa kuhesabu akishasemwa kwamba hesabu zake ni za uongo, hana tena kazi duniani. Umenielewa?"

Tone aliitikia kwa kichwa. Alichukia jinsi kichwa kilivyoitikia upesi.

Mkurugenzi aliwapokea ofisini kwake saa nane, miwani imepanda juu ya nywele, mezani picha kubwa ya doa la manjano ambayo ingewekwa ukuta wa kulia. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia mzee kiti mwenyewe. Baba alisimulia kwa maneno machache, macho yake kwenye ukingo wa meza: wamebaki wanane, wote madume, idadi za miaka kumi na mmoja si za kweli.

"Ngoja," Mkurugenzi akasema. "Ngoja kwanza. Si za kweli vipi? Ulikuwa unaziota?"

"Nilizidisha. Mguu uliniuma, nikawa mvivu. Kosa ni langu, Mkurugenzi."

Na pale palikuwa na nafasi. Tone aliiona wazi kama mlango ulioachwa bila komeo: kimya cha dakika moja, na kila kitu kingekwisha. Angerudi kwenye chumba chake karibu na vyoo, kwenye sahani zake. Akamtazama baba yake, mgongo wa shati lake, ile pembe tatu ya kahawia aliyoivaa bila hata kujali.

"Hakuwa mvivu," akasema. "Njia ile nilimpa mimi."

"Huyu anamkinga baba yake," Baba akasema haraka. "Si unajua watoto wa kike."

"Alikuwa anataka kurudi chini ya miti na magongo yake. Mimi nikamwambia hapana, hesabu kama ninavyohesabu mimi." Akanyoosha kidole kwenye picha ya doa la manjano. "Kwangu inafaa. Bakteria mmoja ni mama, ni baba, ni ukoo mzima. Ukimwona mmoja, na wengine wako njiani. Nikadhani na mbega ni vivyo hivyo, kwamba ukimsikia mmoja umewasikia wa kwake. Lakini dume la mbega likinguruma, limenguruma lenyewe tu. Halisemi kama nyuma yake kuna mtu. Nililinganisha vitu visivyolingana, Mkurugenzi, na sikwenda msituni hata siku moja kuangalia. Miaka kumi na mmoja."

Baba alikuwa amefumba macho.

Mkurugenzi aliishusha miwani, akaivaa, akaivua. "Mzee, mwaka wa mwisho uliohesabu kwa sura, majike walikuwa wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Una uhakika?"

"Naweza kukutajia mmoja mmoja. Mkia Kisiki. Sikio. Yule Mchokozi. Mama wa Pacha..."

"Basi, Mzee. Inatosha." Aligeukia dirisha. "Jalala lile lilizungushiwa uzio mwaka nilioingia mimi, pande tatu tu. Upande wa msitu tuliambiwa hauna haja, mbega wako sitini na watatu na wametulia. Nilisaini mimi. Mita mia tatu za waya."

Alipowageukia tena alikuwa amerudi kuwa Mkurugenzi. Ukumbi utafunguliwa kama ulivyopangwa. Ukuta wa kushoto uandikwe nane, na chini yake iandikwe kwamba wote ni madume, asije mwanafunzi akamwuliza mbele ya wageni kwa nini hawazai. Mzee aandike maelezo yake, Tone aandike ya kwake. "Na kuanzia Jumatatu," akamwambia Tone, bila ukali, "hesabu zako zote za maji zitarudiwa na mtu mwingine. Zote, tangu ulipoanza. Sina njia nyingine."

"Za maji ni sahihi."

"Naamini. Lakini hata hizi niliziamini."

Walitoka hadi juu ya ngazi za mbele za jengo. Baba alisimama kidogo, mkono kwenye nguzo, akivuta pumzi kama aliyekuwa akipanda badala ya kukaa kitini.

"Nilikufungulia mlango," akasema, "ukaupiga teke."

"Nisingeweza kukaa kimya, Baba."

"Ungeweza. Asubuhi umeitikia. Ulikuwa unaweza." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Nilitaka nibaki na kitu kimoja kizima. Mbega wamekwisha, haya. Jina langu limekwisha, haya. Nikasema angalau binti yangu atabaki fundi wa hesabu. Hata hilo umeninyima."

Tone akauliza, macho yake barabarani: "Wanaishi miaka mingapi, mbega?"

"Ishirini. Ishirini na miwili."

"Kwa hiyo yule kijana..."

"Miaka kumi mingine hivi. Mitano ya mwisho atakuwa peke yake." Akawaza. "Atanguruma kila alfajiri. Dume akianza haachi, hata asipojibiwa."

Magari yalipita barabarani. Kwenye ukumbi nyuma yao mafundi walikuwa wakipiga misumari, wakitaniana.

"Kesho narudi," Baba akasema. "Upande wa mashariki sijautazama."

"Baba, mashariki hakuna ngurumo hata moja. Siku zote tatu."

"Ndiyo sababu. Majike hawangurumi."

Aliposema hivyo alimtazama usoni, na Tone akaona kwamba hajidanganyi, anajua kilichoko mashariki na kisichokuwako. Lakini atakwenda, akae chini ya kila mti, na nyonga yake, mpaka miezi minne iishe na labda baada ya hapo.

"Nitakuja nawe. Nitabeba maji."

"Hapana." Akaiweka fimbo kwenye ngazi ya kwanza. "Usinifuate. Utaanza kuhesabu."

Akashuka ubavu ubavu, mguu mzima kwanza, wenye chuma baadaye, akipumzika kila hatua, bila kugeuka. Tone hakumfuata. Alibaki amesimama mpaka mzee alipofika chini na kushika njia. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Alijikuta amezihesabu.